Mkalimani wa Kakule

Kakule aliposema ndiyo mbele ya hakimu, mkewe Hortense, aliyekuwa amekaa benchi la mwisho, alishusha pumzi. Alidhani mumewe amejibu vizuri. Swali lenyewe alilisikia, maana karani wa mahakama alikuwa na sauti kubwa, na alikuwa ameuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo mke na mume walitoka nayo Butembo, kule Kongo. Karani alisema, "Wewe nakamata hii mzigo ya mwenyewe?" Kakule akajibu bila kusita, "Ndiyo. Ni mimi nilikamata." Karani akamgeukia hakimu, akasema maneno matatu manne ya Kiingereza. Hakimu akaandika.

Mambo hayo hayakuchukua muda wa kumenya ndizi. Hakimu alikuwa mama mmoja aitwaye Laker, mwenye miwani na kikohozi cha vumbi la mafaili. Alimuuliza mwendesha mashtaka jambo fulani, mwendesha mashtaka akapekua karatasi zake na kutikisa kichwa, na tarehe nyingine ikatajwa. Askari wakamshika Kakule mkono. Kabla ya kuteremka ngazi za nyuma ya kizimba aligeuka, akamtafuta Hortense kwa macho, akamtolea kidole gumba. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza shughuli yake.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Hortense alimwendea askari aliyekuwa akila mahindi ya kuchoma, akamuuliza mumewe atatoka saa ngapi.

"Kutoka?" askari alisema. "Mumeo amekiri kosa. Alhamisi ijayo anasomewa kifungo."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anavyosema mtu anayeulizwa njia, kisha akaendelea na mahindi yake. Hortense alimshukuru, akamfunga upya mtoto Heritier mgongoni, akatembea hatua kama ishirini, kisha akakaa kwenye ukingo wa mtaro huku watu wakimpita.

Kilichomleta Kakule kizimbani kilikuwa robota moja la vitenge. Kazi yake pale Kikuubo, soko la jumla la Kampala, ilikuwa kufunga mizigo ya wafanyabiashara wa Kongo: kukaza kamba, kushona gunia juu yake, kuandika jina la mwenye mali kwa rangi nyeusi, na kupakia. Siku ya Jumanne dereva mmoja wa kwao, Aristide, gari lake lilijaa kabla mizigo haijaisha. Alimwachia Kakule robota moja, akamwomba amtunzie mpaka safari ijayo, akaondoka kuelekea mpakani. Jioni ile ile mfanyabiashara Wasim alihesabu bidhaa ghalani kwake akakuta pengo. Vijana wake wakatafuta njia nzima, wakalikuta robota lenye alama ya Wasim chini ya meza ya Kakule. Kakule hakukimbia. Aliwaambia hata limefikaje pale, lakini kelele zilikuwa nyingi, na jina la Mkongo lilishatangulia mbele ya maelezo yake.

*

Kazi ya Hortense ilikuwa kusuka wateja nywele kwenye baraza ya duka la Umulkheir, kwenye mteremko wa Lubaga, mtaa walikoishi. Umulkheir aliuza mchele, viungo na mikeka. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa mtaa ule ule, na Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani, alichokirithi kwa wazee wa wazee wake waliokuja kutoka pwani na biashara. Shuleni walimcheka kwa lugha hiyo, wakamwita binti wa jeshi, kwa kuwa Kampala ilizoea kukisikia Kiswahili kwa wenye bunduki. Hakuiacha. Alizungumza Kiganda na wateja, Kiingereza na watu wa benki, na Kiswahili na ndugu zake, na kwa miaka minane sasa na Wakongo waliojaa mtaani. Maneno yao yalimchekesha mwanzoni. Baadaye akayazoea, na mengine akayatumia mwenyewe bila kujijua.

Mchana ule alimwona Hortense akipanda mteremko mikono ikining'inia, akajua habari si njema. Alimwingiza ndani, akamtoa mtoto mgongoni, akampa maji. Hortense alieleza. Alisema hakuelewa mumewe alikiri saa ngapi, kwani alikuwa pale pale na hakumsikia akikiri kitu.

"Karani alimuuliza nini?" Umulkheir alisema, akimwita kwa jina la binti yake. "Neno kwa neno, Mama Estelle. Usininyooshee maneno."

Hortense akarudia swali, na sauti ya karani akaitoa vile vile. Akarudia na jibu. Umulkheir alimtaka arudie tena. Mara ya pili aliweka chini kopo la hiliki alilokuwa amelishika.

"Sasa nimeelewa. Kwenu kukamata ni kushika tu, si ndiyo? Ni kupokea kitu mkononi."

"Ndiyo. Aristide alimupa, yeye akakamata."

"Kwa yule karani kukamata ni kunyakua. Amemuuliza Kakule kama alinyakua mali ya mwenyewe. Na Kakule amejibu ndiyo, ni mimi."

Hortense alicheka, kicheko kifupi kisicho na raha, akafunika mdomo kwa kitenge. Alisema kwamba asubuhi, alipompelekea chai kituoni, mumewe alimwambia amejiandaa usiku mzima kusema kweli, hakutaka kuficha hata kitu kimoja, ili waone kwamba hana hila.

Umulkheir alimtuma mtu amwite kaka yake. Abubakar alikuwa maalimu wa chuo cha Kurani nyuma ya msikiti wa jirani, mtu mwembamba, mwenye maneno machache na mzaha mkavu. Alikuja baada ya sala ya alasiri na kitabu kilichofungwa kwa gazeti. Kilikuwa ni Katiba ya nchi. Alikinunua miaka kumi iliyopita, mwaka ule ule ilipotoka, baada ya kijana mmoja kwenye ofisi ya serikali kumuuliza babu yake alitoka wapi kwa namna iliyomkera. Tangu hapo alikuwa akikisoma kama mtu anayekagua nyumba aliyouziwa, chumba kwa chumba.

Aliketi juu ya gunia la mchele, akavaa miwani, akafungua ibara ya ishirini na nane. Alisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akawatafsiria polepole. Kila mtu anayeshtakiwa kwa kosa la jinai ataelezwa kosa lake kwa lugha anayoielewa. Na ikiwa haelewi lugha inayotumika katika kesi, atapewa msaada wa mkalimani, pasipo yeye kulipa.

Hortense alisikiliza macho yakiwa sakafuni. Abubakar alipomaliza, Hortense alisema kwa sauti ndogo kwamba asante, lakini wao ni wakimbizi. Kitabu hicho ni cha wenye nchi.

"Nilitegemea utasema hivyo," Abubakar alisema. "Ndiyo maana nimesoma kwanza peke yangu. Kuna mahali wameandika kila raia. Hapa wameandika kila mtu. Nimetafuta kama kuna sehemu wamekutoa wewe na mumeo, sijaona."

Aliigeuza karatasi ili aone mwenyewe. Hortense hakujua Kiingereza, lakini aliinama akatazama mahali kidole cha maalimu kilipokuwa, na akakaa hivyo kitambo.

*

Kesho yake Umulkheir alifunga duka, jambo ambalo hakulifanya ila kwa msiba, wakaenda yeye na Hortense mahakamani. Karani aliitwa Otim. Waliambiwa wasubiri ukumbini. Walisubiri tangu asubuhi mpaka watu wakaanza kurudi kutoka chakula cha mchana. Walipoongea wao kwa wao, kijana mmoja aliyekuwa akingoja kesi yake aliwapigia saluti akasema, "Ndiyo, afande," na benchi zima likacheka. Hortense aliinamisha kichwa. Umulkheir alimjibu kijana kwa Kiganda safi kwamba kama angekuwa afande, yeye asingekuwa amekaa huku amejiegemeza, na safari hii kicheko kikamwelemea mwingine.

Otim alikuwa mtu mkubwa, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni. Kiswahili alijifunzia kambini alikokulia, baba yake akiwa askari, na kilikuwa kimemsaidia sana maishani. Pale mahakamani hakuna mwingine aliyekijua kama yeye. Alipoambiwa kwamba mshtakiwa fulani anahitaji mkalimani, alidhani hakusikia vizuri.

"Mkalimani ni mimi," alisema.

Umulkheir alimweleza kwa adabu yote. Alimwita bwana, alisema kosa si la mtu, ni la neno, akamweleza na neno lenyewe. Kadiri alivyozidi kuwa mpole ndivyo uso wa Otim ulivyozidi kufunga. Miaka kumi na moja alikuwa akitafsiri pale. Watu wangapi alikuwa amewatafsiria? Hesabu hiyo ilimpita kichwani kama kivuli, na kwa sababu haikumpendeza, akakasirika.

Alisema mkalimani wa nje hulipwa, na watakaomlipa ni wao wenyewe. Umulkheir akataja ibara na kifungu. Otim akakusanya mafaili yake, akasema kwamba yeye si hakimu, na wakitaka kusomesha sheria wakamsomeshe hakimu. Halafu akaongeza kwamba wasijaribu kusimama na kupiga kelele kutoka kwenye mabenchi, watatolewa; mle ndani anayesikilizwa ni mshtakiwa.

Alikusudia kuwafukuza. Lakini Umulkheir alipokuwa akiteremka ngazi alisimama ghafla akamshika Hortense kiwiko.

"Umesikia? Anayesikilizwa ni mshtakiwa. Basi na aseme yeye."

*

Siku ya kutazama wafungwa ilikuwa Jumapili. Hortense alikwenda gerezani na sombe, kisamvu cha kwao, kwenye bakuli, ambayo walinzi waliichokoa kwa kijiti kabla ya kuipitisha, na sentensi moja ya Kiingereza kichwani. Umulkheir alikuwa amemfundisha siku mbili nzima. Sentensi ilisema kwamba mimi sielewi lugha ya mahakama, naomba mkalimani. Hortense aliikariri akisuka, akifua, akipanda mteremko, hadi binti yake Estelle akaanza kuisema akiruka kamba.

Kakule alitoka kichwa kimenyolewa, amevaa nguo za manjano zilizompwaya. Katikati yao kulikuwa na wavu. Alianza kwa kuuliza habari za watoto, kisha akasema asiwe na wasiwasi, kesi ilikwenda vizuri, hakimu ni mama mwenye kusikiliza. Hortense aliona aibu kumwambia. Alimwambia.

"Nani alikiri?" Kakule aliuliza.

"Ni wewe, Papa Estelle."

Alimweleza juu ya neno lile. Kakule alisikiliza huku vidole vyake vikiingia kwenye matundu ya wavu kimoja kimoja. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku ile alikwenda kulala akiwa mwepesi moyoni, kwa kuwa alikuwa amesema kweli mbele ya watu wakubwa, na kumbe wenzake wote wa selo ile walikuwa wakimjua ni mwizi aliyejitaja mwenyewe. Sasa alielewa kwa nini walimpa pole. Akafuta macho kwa mkono wa shati lile la manjano na kusema, "Haya. Nifundishe."

Haikuwa rahisi. Neno la mkalimani kwa Kiingereza lilimpiga chenga kila mara. Watu walikuwa wamebanana pande zote za wavu, kila mmoja akimpigia wake kelele, na Hortense alilazimika kuitamka sentensi kwa nguvu kama muuza samaki. Mlinzi mmoja, Oloo, mzee karibu na kustaafu, alikuwa amesimama nyuma ya Kakule akisikia. Mara ya sita alishindwa kuvumilia. Aliinama, akamwambia Kakule aligawe lile neno vipande vitatu, akamtamkia yeye mwenyewe, taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Mfungwa wa kushoto akalijaribu. Wa kulia naye akauliza maana yake ni nini, na alipoambiwa, alisema hata yeye anatoka Arua, kule kaskazini, na hajui alisomewa nini kwa Kiingereza. Kengele ya kumaliza muda ilipolia, karibu upande mzima wa wavu ulikuwa ukisema sentensi ile, na Hortense aliondoka akisikia sauti ya mumewe katikati ya sauti hizo, ikilikosea neno lile kidogo tu.

*

Alhamisi ukumbi ulijaa. Umulkheir alivaa baibui yake nyeusi ya Idi, Abubakar akakaa kando yake na kitabu kwenye gazeti, Hortense akawa katikati na mtoto mapajani. Wasim, mlalamikaji, alikuwa benchi la mbele, akitazama saa. Dukani kwake hakuacha mtu wa kumwamini tangu robota lipotee.

Kakule aliitwa wa nne. Otim alisimama na faili. Kabla hajalifungua, Kakule aliinua mkono.

Hakimu Laker aliinua macho. Washtakiwa hawainui mikono. Alimruhusu kwa kichwa. Kakule alishika ukingo wa kizimba, akavuta hewa, akaitoa sentensi yote kwa Kiingereza, toka mwanzo hadi mwisho, akiligawa neno kubwa vipande vitatu kama alivyofundishwa. Kuna watu walicheka. Hakimu hakucheka. Aliiandika.

Alimgeukia Otim na kumuuliza wiki iliyopita alitumia lugha gani. Otim alijibu kwamba alitumia Kiswahili, mshtakiwa alielewa, na alijibu mwenyewe mbele ya mahakama. Hakimu akamtaka aseme swali lilikuwaje. Otim akalisema. Hakimu alikuwa mtu wa kaskazini. Kiswahili alikijua cha kununulia nyanya tu. Aliuliza kama kuna mtu ukumbini anayeijua lugha ya Wakongo na ya mahakama pia. Umulkheir akasimama. Aliapa kwa Kurani, akapita mbele.

Alieleza tofauti ya neno lile kwa Kiingereza kifupi. Mwendesha mashtaka akapinga, akasema huyu ni jirani wa mshtakiwa, anaweza kulipa neno maana anayotaka yeye. Pingamizi hilo lilikuwa la haki, na hakimu alilitafakari. Kisha alichukua kalamu yake, akainyoosha kuelekea kizimbani.

"Usimweleze kitu," alimwambia Umulkheir. "Sema naye neno lile lile, halafu nyamaza."

"Kakule," Umulkheir alisema, "kamata kalamu."

Kakule alitoka nusu hatua, akainama kidogo, akaipokea kalamu ya hakimu kwa mikono yote miwili, kama kwao mtu anavyopokea kitu kwa mkubwa. Akaishika hivyo hivyo, akingoja kuambiwa aifanyie nini.

Hata Wasim aliacha kutazama saa yake. Otim alikuwa akiitazama mikono ile miwili, na rangi ya uso wake ilibadilika. Hakimu Laker alimwacha Kakule na kalamu muda kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akaomba arudishiwe, kwa kuwa alitaka kuandika.

Alichoandika ni kwamba jibu la kwanza limefutwa. Mashtaka yakasomwa upya, mara hii kupitia Umulkheir, na Kakule akasikia kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa akituhumiwa kuiba. Aliulizwa kama ni kweli. Alisema si kweli. Akaulizwa kama anataka kuongeza neno, akasema ndiyo, akaeleza juu ya Aristide, gari lililojaa, na ombi la kutunziwa mzigo. Alieleza kwa utaratibu mrefu wa watu wa kabila lake, Wanande, akianza na hali ya hewa ya siku ile, na hakimu akamwacha amalize. Abubakar akakubaliwa kuwa mdhamini wake. Mwendesha mashtaka alipouliza nani atamlipa mkalimani, hakimu alisema, bila kuinua macho, kwamba si mshtakiwa, na si jambo la kujadiliwa.

Jioni walikula pamoja nyuma ya duka, familia zote mbili. Kakule alikula polepole sana. Estelle alitaka kugusa kichwa chake kilichonyolewa, akamruhusu.

*

Aristide alirudi kutoka Butembo baada ya siku kumi na mbili. Habari zilikuwa zimemfikia kwa simu, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na robota ambalo mteja wake kule alilikataa kwa kuwa vitenge vyake havikuwa vya aina aliyoagiza. Walikwenda naye moja kwa moja kwa Wasim. Yakawekwa mawili sakafuni, lile la Butembo na lile la kesi. Alama zake zilifanana isipokuwa mstari mmoja mdogo. Ikaonekana kwamba siku Aristide alipopakia ghalani, mtu wa ghala wa Wasim alitoa la Wasim badala ya la mteja mmoja, na la mteja huyo akampa mwingine, ndiye aliyelikataa kule Butembo. Hakuna aliyeiba. Mtu wa ghala aliangalia viatu vyake.

Wasim hakuwa mtu wa kuomba radhi, lakini hakuwa mtu wa kuing'ang'ania kesi ya uongo pia. Aliandika barua siku hiyo hiyo. Mwendesha mashtaka aliondoa mashtaka asubuhi moja ya Jumatatu, shughuli fupi kuliko hata ile ya kwanza. Kakule alirudi kwenye meza yake Kikuubo. Wiki ya tatu Wasim alimletea marobota manne ayafunge, akasimama pembeni kama mteja yeyote, na alipoondoka alimwita mzee. Kakule aliwasimulia nyumbani hiyo mzee mara mbili.

Jumamosi moja, Hortense akiwa katikati ya kichwa cha mteja, mtu mkubwa mwenye kalamu tatu mfukoni alipanda mteremko wa Lubaga akihema. Hortense aliacha kusuka. Alidhani kesi imefufuka. Otim alisalimia kwa heshima, akamuulizia Umulkheir, akaambiwa amekwenda soko la Nakasero kununua tangawizi. Alisimama pale akifuta jasho, hajui akae ama aondoke. Hatimaye alisema kwamba hakuja kwa ubaya. Alitoa daftari jipya la shule kwenye mkoba. Alieleza kwamba watu wa Kongo wanaoletwa mahakamani ni wengi, na hakimu amemruhusu kumwita Bi Umulkheir kila inapobidi, lakini yeye naye anataka kujua mwenyewe. Alisema hayo akitazama barabara. Hortense akamsogezea kigoda.

Walianza na kuiba, kukana, shahidi, mwenye mali. Otim aliandika kila neno na kulisoma kwa sauti. Mteja aliyekuwa akisukwa alimsahihisha mara moja. Walikuwa wameshafika ukurasa wa pili Kakule alipotokea, amebeba kabichi, akakuta karani wa mahakama amekaa kwenye kigoda cha mkewe.

Otim alisimama upesi, daftari likaanguka. Alisema, "Mzee, ile siku mimi nakosea wewe." Kakule aliweka kabichi chini. Alimtazama mtu yule aliyempeleka gerezani kwa neno moja, akaona wino kwenye vidole vyake na jasho kwenye kola yake safi. Aliliokota daftari, akalipukuta vumbi, akamrudishia.

"Umefika wapi?" aliuliza.

Otim alimwonyesha. Akakaa tena. Akasema limebaki moja tu analolitaka leo: mtu kesi yake ikiisha vizuri, hakimu akisema aachiwe, yeye humwambia, "Wewe rudi kwenu." Je, hilo liko sawa?

Kakule alifikiri. Estelle alikuwa akiruka kamba uani, na harufu ya vitunguu ilikuwa imeanza kutoka jikoni kwa jirani.

"Usiseme vile," alisema. "Mukimbizi akisikia rudi kwenu, atajua munamupeleka Kongo. Ataogopa, na kumbe umemupa habari njema." Alisubiri Otim akate mstari kwenye daftari. "Andika hivi: uko huru, rudia kwako nyumbani. Na kama ataendelea kukuangalia tu, mwambie kabisa jina la mutaa anaishi. Mimi ungeniambia Lubaga."

Otim aliandika yote, na Lubaga akaiandika pia.